Mfuko wa chembe sahani unapumua: namna ya kuutunza hadi kitandani kwa mgonjwa

"Dada, mtoto amepandisha homa, tumeona tusubiri kidogo. Usiwe na wasiwasi, ule mfuko nimeuweka kwenye friji usije ukaharibika."

Maneno hayo niliambiwa kwenye simu usiku wa manane, mwaka wangu wa tatu nikiwa benki ya damu. Aliyenipigia alikuwa muuguzi makini kuliko wengi niliowahi kufanya nao kazi. Kila alichofundishwa kuhusu damu kilimwambia kwamba damu hukaa kwenye baridi, naye akafanya hivyo kwa nia njema kabisa. Nilipanda ngazi, nikauchukua mfuko, nikausimamisha mbele ya taa na kuuinamisha taratibu. Hakukuwa na kitu. Maji ya rangi ya nyasi kavu, yamefifia, hayana mng'ao hata chembe. Ulikuwa mfuko pekee tuliokuwa nao usiku ule, na aliyekuwa akiusubiri ni mtoto wa miaka sita mwenye saratani ya damu. Ilibidi asubiri hadi mchana wa siku ya pili.

Tangu hapo nimeshika jambo moja na sichoki kulirudia kwa kila anayekuja kujifunza kwangu: chembe sahani haziharibikii sana ndani ya mashine ya kuzitikisa. Zinaharibikia mikononi mwetu, pale mfuko unapotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Mashine ina king'ora. Meza ya wodini haina. Kwa hiyo katika mwongozo huu nitaufuata mfuko katika safari yake, na kila unapobadilisha mikono nitasimama nikuoneshe cha kufanya.

Unachokishika ni kitu hai

Chembe sahani, au plateleti kama tunavyozoea kuziita kazini, ni vipande vinavyomeguka kutoka kwenye seli kubwa za uboho. Upana wake ni mikromita 2 hadi 3 tu, na umbo lake ni la sahani bapa, ndiyo asili ya jina. Hazina kiini, lakini zina mitokondria, yaani vijitanuru vya nguvu, zinakula glukosi, zinavuta oksijeni na kutoa kabonidioksidi. Mwilini huishi siku 8 hadi 10.

Chembe nyekundu zinavumilia friji ya nyuzi 2 hadi 6 kwa siku 35 hadi 42, kutegemea dawa ya kuhifadhia. Plazima, yale maji ya manjano ya damu, inagandishwa na kukaa mwaka mzima. Chembe sahani zinataka nyuzi 20 hadi 24, zinataka kutikiswa bila kukoma, na hata ukizipa vyote hivyo muda wake ni siku 5. Unafika 7 pale tu ambapo mfuko umepimwa bakteria kwa utaratibu maalumu au umepitishwa kwenye teknolojia ya kuua vimelea.

Zamani nazo ziliwekwa kwenye baridi pamoja na damu nyingine. Mwaka 1969 madaktari wawili wa Marekani, Scott Murphy na Frank Gardner, walionesha kwamba zilizohifadhiwa kwenye nyuzi 22 hudumu mwilini muda mrefu zaidi kuliko zilizotoka kwenye nyuzi 4. Sababu zake zilikuja kueleweka vizuri baadaye. Baridi huikunja ile sahani ikawa mpira wenye miiba. Vipokezi vilivyo juu ya ngozi yake hujikusanya mafungumafungu, sukari zilizo kwenye ncha zake hukatika, na zikirudi mwilini ini huziona kama takataka na kuzimeza. Kuzipasha joto tena hakusaidii, kwa sababu alama ambayo ini linaitafuta imeshabaki. Ndiyo maana saa tatu za friji zilitosha kuuondoa uhai wa ule mfuko wa mtoto.

Hapa niongeze jambo, kwa kuwa wengi huniuliza. Kuna chembe sahani zinazohifadhiwa baridi kwa makusudi, kwenye nyuzi 1 hadi 6, na mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa mwongozo unaoruhusu zikae hadi siku 14 kwa mgonjwa anayevuja damu papo hapo, pale ambapo zile za kawaida hazipatikani. Zinagandisha damu haraka, kisha zinaondolewa mwilini upesi. Kwa majeruhi aliye mezani kwa daktari wa upasuaji zinafaa. Kwa mtoto ambaye uboho wake umezimwa na dawa za saratani, na anahitaji kinga ya siku mbili tatu, hazimfai. Hiyo ni bidhaa nyingine, ina lebo yake na utaratibu wake tangu mwanzo. Mfuko wa kawaida uliosahaulika kwenye friji haugeuki kuwa bidhaa hiyo.

Kabla mfuko haujafika kwenye mashine

Kazi inaanza kwa mchangiaji. Muulize kuhusu aspirini, na muulize kwa majina ya vidonge anavyovifahamu, maana wengi hawajui kwamba dawa yao ya kichwa ina aspirini ndani. Aspirini huzima kimeng'enya cha chembe sahani moja kwa moja. Ile iliyoguswa haiponi hadi ife. Marekani wanataka zipite saa 48 kabla ya kumtoa mtu chembe sahani kwa aferesisi, yaani mashine inayochukua chembe sahani na kumrudishia damu iliyobaki. Kwingine muda ni mrefu zaidi. Fuata wa kwako, lakini usiache kuuliza.

Kisha ngozi. Safisha mkono kwa dawa, acha ikauke yenyewe, usiuguse tena kwa kidole "kuhakikisha mshipa". Mililita 30 hadi 40 za mwanzo zielekezwe kwenye kile kifuko cha pembeni, kwa sababu ndizo zinazobeba kipande cha ngozi kilichokatwa na sindano pamoja na bakteria wake. Joto la nyuzi 22 linalozipendeza chembe sahani linawapendeza bakteria pia, kwa hiyo usafi wa dakika moja hapa unaamua mfuko utakavyokuwa siku ya nne.

Damu nzima unayotaka kuitoa chembe sahani isiingie kwenye friji hata kwa nusu saa. Iache kwenye nyuzi 20 hadi 24. Kwa njia ya kuanza na plazima yenye chembe sahani una saa 8. Kwa njia ya tabaka la katikati, lile jembamba jeupe linalokaa juu ya chembe nyekundu, damu inaweza kulala usiku kucha ikashughulikiwa ndani ya saa 24.

Baada ya kuzungushwa kwa nguvu kwenye sentrifuji, chembe sahani hukandamizwa chini ya mfuko kama kifungo cha shati. Hapo ndipo wanafunzi wangu wanapokosea, kwa sababu wana haraka. Usiutikise. Ulaze mfuko, lebo ikitazama chini, uuache saa nzima bila kuuchezea. Zimeshtuka zile. Zikipumzika zinaachana zenyewe, na baada ya hapo ukiukanda taratibu kwa viganja, kifungo kinayeyuka kama sukari kwenye maji ya uvuguvugu. Ukiulazimisha mapema utapata mabonge. Mabonge madogo huenda yakaisha baada ya saa kadhaa kwenye mashine. Yakiwa bado yapo siku ya pili, mfuko huo hautoki.

Mfuko mmoja uliotoka kwenye chupa moja ya damu nzima huwa na mililita 40 hadi 70, na unatakiwa uwe na chembe sahani zisizopungua bilioni 55. Wa aferesisi una mililita 200 hadi 300 na, kwa kipimo cha Marekani, bilioni 300 au zaidi. Kuna watu hufurahi wakipata mfuko uliojaa kupita kiasi. Mimi huogopa. Zikisongamana kwenye plazima kidogo zinakula haraka, zinatoa asidi haraka, na siku ya tatu mfuko umeshachoka. Kama mfuko una kipimo cha juu kilichowekwa na mtengenezaji, kiheshimu, ugawe mara mbili.

Jambo la mwisho hapa: ondoa hewa iliyobaki kabla hujaziba mrija. Hewa ikitikiswa siku tano hufanya povu, na povu huziamsha chembe sahani zikaanza kazi ya kuganda wakati hakuna kidonda.

Hewa, asidi na ile sauti ya mashine

Shika mfuko wa chembe sahani na mfuko wa chembe nyekundu kwa wakati mmoja. Utausikia wa kwanza ni mwepesi, laini, na plastiki yake ni tofauti. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mifuko ya awali ilibana hewa. Oksijeni haikuingia ya kutosha, kabonidioksidi haikutoka, na chembe sahani hazikuvuka siku 3. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuja mifuko inayopitisha gesi vizuri zaidi, muda ukafika siku 5. Mwaka 1984 Marekani waliruhusu 7, kisha mwaka 1986 wakarudisha 5 kwa sababu ya bakteria. Chembe zenyewe zilikuwa bado zinajiweza siku ya saba, ila wageni walioingia nazo walikuwa wameshazaliana.

Zikipata oksijeni, zinaunguza chakula chao safi. Zikikosa, zinaichachusha glukosi na kutoa asidi ya laktiki. Plazima ina bikaboneti inayoimeza asidi hiyo kwa muda, na kabonidioksidi inayozalishwa hutoka nje kupitia kuta za mfuko. Bikaboneti ikiisha, pH, kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, inaporomoka. Ikishuka chini ya 6.2 zinavimba, zinakuwa mipira, na ukizirudisha mwilini hazikai. Marekani mpaka wa chini ni 6.2, Ulaya ni 6.4. Ukipima, andika pia umepima kwa nyuzi ngapi, kwa sababu namba ya nyuzi 22 na ya nyuzi 37 hazifanani, na nimeshaona mabishano ya wiki nzima yaliyotokana na hilo tu.

Sasa utaelewa kwa nini tunatikisa. Mfuko ukitulia, chembe zinashuka, zinalaliana, na zilizo chini kabisa zinakosa hewa. Mashine inayoteleza kwenda na kurudi kwa ulalo, takribani mara 60 hadi 70 kwa dakika, inazifanya zipate zamu ya kukaribia ukuta. Haitakiwi kupigapiga. Ni mwendo wa mtu anayembembeleza mtoto.

Yangu nimeizoea hivi kwamba kinachonishtua ni ikinyamaza. Kila asubuhi nafanya haya: naweka kiganja juu ya trei kuhisi kama mwendo una mikwaruzo, nahesabu mizunguko dakika moja kwa saa ya mkononi, na mara moja kwa mwezi naweka pima maji juu ya trei. Usicheke hilo la pima maji. Mashine ikiinama upande mmoja, kioevu chote hujikusanya pembeni na nusu ya mfuko inabaki mikunjo mitupu.

Mifuko ilale safu moja. Usiipandanishe, usiipange kama vitabu, usiitie kwenye nailoni ili ipendeze. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha, mtu msafi sana, aliivalisha yote mifuko ya nailoni asubuhi moja ili lebo zisilowe. Ile nailoni ilikuwa inaifunga pumzi. Tuliivua ndani ya saa moja, haikuwa imepata shida, na yeye mwenyewe sasa ndiye mkali kuliko wote kuhusu jambo hilo. Kwa sababu hiyohiyo usibandike karatasi za ziada juu ya mfuko. Kila stika ni dirisha ulilolifunga. Na kalamu ya wino iandike kwenye lebo, isiandike kwenye plastiki.

Joto la inkubeta, kabati la joto linalokaa mashine, linajiandika lenyewe, lakini soma pia kipimajoto cha ndani kwa macho yako. Kama mashine yako imekaa chumbani bila inkubeta, joto la chumba liandikwe angalau kila baada ya saa nne, na mashine iwe mbali na dirisha lenye jua na mbali na mdomo wa kiyoyozi. Mashine ikisimama, kitu cha kwanza ni kuandika saa. Cha pili, ilaze mifuko yote kwenye meza, safu moja, uwe unaigeuza kwa mkono mara kwa mara. Kwa maisha yote ya mfuko, muda wa kukaa bila kutikiswa usizidi saa 24 kwa jumla, ukijumlisha na wa safarini. Neno la kushika hapo ni jumla. Saa sita za leo na saa kumi za kesho zinahesabiwa pamoja, na kama hakuna aliyeandika, hakuna anayejua.

Kuusoma mfuko kwa macho

Hapa nakuomba utulie, kwa sababu hiki ndicho kipimo pekee ambacho unaweza kukifanya kwa kila mfuko, kila unapotoka, bila kuufungua.

Simama mahali penye taa nyuma ya mfuko. Dirisha lenye mwanga linatosha. Ushike kwa ncha za vidole kwenye kingo mbili, usifunike uso wake kwa viganja. Uinamishe polepole upande mmoja, urudishe, kisha kwa dole gumba bonyeza kidogo katikati na uachie. Kama mfuko ni mzima, utaona ndani yake kinapita kitu kama moshi wa udi unaokatiza kwenye mwale wa jua: mawingu meupe yenye mng'ao, yanajikunja, yanapotea, yanajitokeza tena pale unapogeuza. Hizo ni sahani. Kwa kuwa ni bapa, mkondo wa maji unazipanga zikaelekea upande mmoja, zinapiga mwanga pamoja kama samaki wadogo wanaogeuka kwa mpigo mmoja. Zikishakuwa mipira haziwezi kufanya hivyo, maana mpira unaonekana vilevile kila upande. Mfuko unabaki na ukungu uliolala tu.

Kazini tunasema mfuko "unang'aa" au "umekufa". Katikati yake kuna daraja: unaong'aa kote, unaong'aa hapa na pale, na usiong'aa kabisa. Wa kwanza uende. Wa pili niulize, tutazame historia yake, tupime. Wa tatu usitoke hata kama tarehe yake ni ya kesho kutwa. Jicho hili halifundishiki kwa maandishi peke yake. Chukua mfuko wa leo na mfuko uliopita muda wake, uishike pamoja, ugeuze mmoja baada ya mwingine mara kumi.

Ila usiudanganye moyo wako: mng'ao haukuambii kuwa hakuna bakteria. Mfuko wenye vimelea unaweza kung'aa vizuri. Ukiona mng'ao umetoweka ghafla kwenye mfuko mchanga wa siku mbili, hapo wazia bakteria kabla ya jambo lingine.

Rangi nayo ina habari zake. Manjano ya nyasi kavu ndiyo ya kawaida. Uwaridi maana yake chembe nyekundu zimeingia, na zikizidi mililita 2 mfuko unahitaji kulinganishwa na damu ya mgonjwa kama tunavyofanya kwa damu nyekundu. Ukijani wa kuvutia mara nyingi ni wa mchangiaji anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, hauna neno. Weupe wa maziwa ni mafuta ya chakula alichokula kabla ya kuja. Lakini kijivu, nyuzinyuzi, mabonge, mapovu au mfuko uliovimba kama umepulizwa, huo uweke kando, uandike, uite mkubwa wako. Usiurudishe kwenye trei hata kwa dakika moja.

Siku zinavyopita

Hata kwenye mashine nzuri chembe sahani huzeeka. Zinasukuma nje P-selektini, alama ya kwamba zimeamka. Zinamwaga vilivyomo kwenye vifuko vyake. Zinamegua vipande vidogo vya ngozi yake. Chembe nyeupe zilizobaki mfukoni nazo hutoa kemikali za homa siku hadi siku, ndiyo sababu mgonjwa anatetemeka baada ya mfuko wa siku ya tano kuliko wa siku ya pili. Dawa ya hilo ni kuzichuja chembe nyeupe mapema, kabla ya kuhifadhi. Ukizichuja kitandani, kemikali zimeshamwagika.

Vituo vingine huondoa takribani theluthi mbili ya plazima na kuweka maji maalumu yenye aseteti. Aseteti huunguzwa ndani ya mitokondria na kuondoa asidi humohumo, na kwa kuwa plazima imepungua, mzio kwa mgonjwa hupungua. Napenda njia hii. Mionzi ya gamma, ile ya kuzuia chembe nyeupe za mchangiaji zisimshambulie mgonjwa dhaifu, haipunguzi muda wa mfuko.

Sampuli ya bakteria isichukuliwe mapema mno. Saa chache baada ya kuchangia wanaweza kuwa wachache kiasi kwamba hakuna hata mmoja aliyeingia kwenye bomba lako, na utasema mfuko ni safi kumbe sio. Subiri angalau saa 24.

Je, wa siku ya tano ni wa kutupa? Hapana. Hesabu ya mgonjwa itapanda kidogo kuliko ambavyo ingepandishwa na mfuko mbichi, lakini bado ni dawa. Utaratibu wangu ni kutoa kwanza ulio karibu kuisha muda, isipokuwa kwa mgonjwa ambaye mifuko miwili iliyopita haikumpandisha. Huyo namtafutia wa siku ya kwanza au ya pili.

Njiani na wodini

Nimefika mahali ambapo hasara nyingi hutokea.

Kabla sijautoa mfuko kwenye trei, napiga simu wodini na kuuliza mambo matatu: mshipa umewekwa? joto la mgonjwa ni ngapi? nani atakayeuanzisha? Nikijibiwa "tunamtafutia mshipa", mfuko unabaki kwangu, unatikiswa. Dakika arobaini kwenye mashine yangu ni bora kuliko dakika arobaini kwenye meza ya dawa.

Unaposafiri uwe kwenye kasha lake. Usiuchanganye na damu nyekundu, kwa sababu kasha la damu nyekundu lina barafu, na mfuko unaogusa barafu unapata baridi kali upande mmoja huku kipimajoto cha kasha kikisema mambo ni sawa. Naandika saa ulipotoka kwenye trei. Anayeupokea anaandika saa alipoupokea. Saa ya kuanza inaandikwa kitandani.

Yule muuguzi wa usiku ule ndiye aliyenipa wazo la kadi. Alisema, "Dada, mngeandika tu." Alikuwa na haki, lebo yetu ilikuwa na maneno mengi, na lililo muhimu lilikuwa kwa herufi ndogo pembeni. Sasa kila mfuko unatoka na kadi ya njano iliyofungwa kwa uzi kwenye tundu la juu. Tumeifunga kwa uzi ili gundi isizibe ukuta wa mfuko. Imeandikwa kwa herufi kubwa: USIWEKE KWENYE FRIJI. ANZA SASA. UKICHELEWA, URUDISHE BENKI YA DAMU. Chini kuna namba ya simu ya ndani.

Wewe uliye kitandani, fanya hivi. Hakiki jina na namba ya mgonjwa na mwenzako, kwa sauti. Tumia mpira mpya wa kuongezea damu wenye chujio la mikromita 170 hadi 200. Usitumie uliopitisha chembe nyekundu, kwa kuwa chembe sahani zitanasa kwenye mabaki. Usiutie kwenye maji ya moto, usiupitishe kwenye kipasha damu, usichanganye na dawa yoyote. Kwa mtu mzima huchukua kati ya dakika 30 na 60, na kwa vyovyote uishe ndani ya saa 4. Dakika 15 za mwanzo usiondoke. Mgonjwa akitetemeka au joto likiruka, funga mara moja, acha mshipa wazi kwa maji ya chumvi, na mfuko urudi maabara pamoja na mpira wake. Usiutupe. Ndani yake kuna jibu.

Na mtoto akipandisha homa kabla hujaanza, kama ilivyotokea usiku ule, piga simu. Tutaamua pamoja, na mfuko utakuwa umerudi kwenye trei kabla ya daktari kufika.

Mwisho omba hesabu ya chembe sahani kati ya dakika 10 na 60 baada ya mfuko kuisha. Wengi hungoja asubuhi, na asubuhi huwezi kujua kama hazikufika au zilifika zikatumika. Kwa mtu mzima dozi moja hupandisha takribani 30,000 hadi 50,000 kwa mikrolita. Ukitaka kulinganisha wagonjwa wenye miili tofauti, chukua zilizopanda, zidisha kwa eneo la mwili kwa mita za mraba, gawanya kwa idadi uliyompa ikihesabiwa kwa mabilioni mia. Aliyepanda 20,000, mwenye mita za mraba 1.7, aliyepewa bilioni 300: 20,000 mara 1.7 ni 34,000, gawanya kwa 3, unapata kama 11,300. Ikizidi 7,500 ndani ya saa hiyo ya kwanza, zimefika. Ikiwa chini ya hapo mara mbili mfululizo, kuna shida.

Shida hiyo yaweza kuwa homa, wengu lililovimba, au kingamwili dhidi ya chembe za wengine. Daktari ataanzia huko. Mimi naanza kwa kufungua fomu ya mfuko na kusoma zile saa tatu: ulipotoka kwenye trei, ulipopokelewa, ulipoanza.